Kichwa nguvu au ugonjwa? Upungufu wa umakini ukitazamwa kutoka bonde la Ruzizi

Katika shule za msingi za Kiringye na vijiji vingine vya bonde la Ruzizi, Kivu Kusini, Kongo, mwalimu wa kalasi ya tatu hangoji hata Septemba iishe ili amjue mtoto wa namna hii. Mstari wa kwanza wa hesabu ameuandika, wa pili ameuacha katikati. Kalamu imedondoka, ameinama kuiokota, chini ya benchi akakuta kijiwe, na kijiwe kimemkumbusha jambo ambalo lazima amwambie jirani yake sasa hivi. Swali la mwalimu halijafika mwisho, yeye ameshalijibu, na jibu si hilo. Nyumbani mama amemtuma bombani na bidoni ya lita 5. Saa nzima imepita, mtoto amerudi mbio, jasho likimtoka, bidoni haipo.

Majirani wanasema ana kichwa nguvu. Bibi anasema baba yake naye alikuwa hivyohivyo, na akakua. Katika chumba cha sala huenda likasemwa jambo zito zaidi. Madaktari nao wana jina lao: tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliozidi, ambalo wasomi wa Kongo hulifupisha kwa herufi za Kifaransa TDAH. Tangu jina hilo lianze kuzunguka duniani, ubishi haujapoa. Wako wanaosema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na wako wanaosema ni utoto wa kawaida uliopewa jina la hospitali ili dawa ziuzwe.

Hali hiyo ni ya kweli, na ushahidi wake ni mwingi kuliko wengi wanavyodhani. Lakini kuwapo kwa ugonjwa ni jambo moja, na kumwambia mzazi fulani kwamba mtoto wake anao ni jambo lingine. Ubishi mwingi unatokana na kuyachanganya haya mawili, na bondeni Ruzizi kuyachanganya kunamgharimu mtoto.

Wanaodhani haya ni maradhi ya watoto wa Marekani waanzie Kinshasa. Mwaka 2005 jarida la African Health Sciences lilichapisha utafiti wa daktari Espérance Kashala na wenzake, waliowachunguza watoto wa shule 1,187 wenye umri wa miaka 7 hadi 9 katika mji mkuu huo. Walimu ndio waliojaza fomu za maswali kuhusu kila mtoto. Takribani asilimia 6 ya watoto walikuwa na dalili za kutosha kuhesabiwa. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Brazili wakiongozwa na Guilherme Polanczyk walikusanya tafiti zaidi ya 100 za mabara yote wakapata wastani wa asilimia 5.29. Kinshasa na dunia nzima zinakaribiana mno. Ni vigumu kudhani kwamba watoto wale wa Kinshasa walikuwa na simu mikononi, au kwamba wazazi wao walikuwa wamesikia matangazo ya dawa.

Hata historia haiwaungi mkono wanaosema kwamba ugonjwa huu ulibuniwa na viwanda. Mwaka 1798 daktari wa Uskoti, Alexander Crichton, alikwisha kueleza hali ya watu wasioweza kushika jambo moja akilini, akasema wengine huzaliwa nayo. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake London akawaeleza kuhusu watoto wenye akili timamu walioshindwa kabisa kujizuia. Dawa haikuwapo. Ilikuja kwa bahati mwaka 1937, pale Charles Bradley, katika kituo cha watoto cha Rhode Island huko Marekani, alipowapa watoto 30 dawa ya kuchangamsha akawaona karibu nusu yao wakikaa kwenye masomo kwa utulivu ambao hakuutarajia. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, alitengeneza methilfenideti. Jina la kibiashara, Ritalin, alilitoa kwenye jina la mkewe, Rita. Miaka 146 inatenganisha maelezo ya Crichton na kidonge cha Panizzon.

Hata hivyo wenye shaka wana hoja, na zinastahili kusikilizwa zikiwa na nguvu zake zote.

Hoja ya kwanza ni kwamba hakuna kipimo cha damu. Hakuna picha ya kichwa inayoweza kumwonyesha daktari kuwa mtoto huyu anao na yule hana. Kinachotumika ni orodha ya dalili 18, tisa za umakini na tisa za utukutu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unadai angalau dalili sita za kundi moja, zilizodumu miezi sita, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazoonekana mahali zaidi ya pamoja, mathalani nyumbani na shuleni. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inafuata njia hiyo bila kutoa hesabu kali ya dalili. Nani aliamua kwamba ni sita? Ni kamati. Na kamati nyingine, ya mwongozo uliotangulia wa 1994, ilikuwa imesema dalili zianze kabla ya miaka 7.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 2018 Timothy Layton na wenzake wa Harvard walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za watoto zaidi ya laki nne wa Marekani. Katika majimbo ambako mtoto lazima awe ametimiza miaka mitano kufikia Septemba 1 ili aanze shule, mtoto aliyezaliwa Agosti huwa mdogo kuliko wote kalasini, na wa Septemba huwa mkubwa kuliko wote. Waliozaliwa Agosti walikuwa wamepewa jina la ugonjwa huu kwa asilimia 34 zaidi ya wale wa Septemba. Utafiti wa British Columbia, Kanada, ulikuwa umeonyesha jambo lilelile mwaka 2012. Ubongo haujui Septemba 1 ni nini. Kwa hiyo sehemu ya watoto hao walikuwa wadogo tu, wakapimwa kwa kulinganishwa na wakubwa.

Mzazi wa Kiringye asiichukulie hoja hii kuwa ya mbali. Kalasi za Kongo zimechanganya umri zaidi kuliko za Marekani. Vita vimewarudisha watoto nyuma mwaka mmoja, miwili, mitatu. Serikali ilipotangaza shule ya msingi kuwa ya bure Septemba 2019, walioingia ni wa miaka sita pamoja na wale waliokuwa wamesubiri ada kwa miaka mingi. Mtoto wa miaka sita anakaa benchi moja na wa miaka kumi, katika chumba chenye watoto wengi kuliko mabenchi, na mwalimu mmoja. Ukimwuliza mwalimu huyo nani hatulii, kuna hatari kubwa akutajie wadogo.

Na hoja ya tatu ni biashara: ili dawa ziuzwe, jina la ugonjwa linagawiwa kupita kiasi. Uchunguzi wa wazazi uliofanywa Marekani mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto milioni 7, yaani asilimia 11.4 ya wenye miaka 3 hadi 17, walikuwa wamewahi kuambiwa wana tatizo hili. Hiyo ni zaidi kidogo ya mara mbili ya wastani wa dunia. Mmoja wa waliolia kwa sauti juu ya kuzidi huko alikuwa Keith Conners, mwanasaikolojia ambaye fomu zake za maswali ndizo zilizotumika kwa miaka mingi kuwapima watoto hao. Mwingine ni Allen Frances, aliyeongoza kamati ya mwongozo wa 1994. Hawa hawakuwa maadui wa fani. Walisema ugonjwa upo, ila unagawiwa ovyo.

Basi ni nini kinachothibitisha kwamba upo?

Kwanza damu ya ukoo. Tafiti za mapacha, zilizofanyika katika nchi kadhaa kwa miongo kadhaa, zinaonyesha kwamba takribani asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika hali hii inatokana na urithi. Hicho ni kiwango kikubwa, kinachokaribia kile cha kimo. Mwaka 2019 Ditte Demontis na wenzake walilinganisha vinasaba vya watu 20,183 wenye tatizo hili na wengine 35,191 wasio nalo, wakapata sehemu 12 zinazotofautiana kwa uhakika. Mwaka 2023 idadi ilifika 27. Kila moja ina nguvu ndogo sana, hivyo hakuna anayeweza kupima mate ya mtoto akatoa jibu. Lakini bibi anayesema baba yake alikuwa hivyohivyo ameona jambo la kweli, ingawa halimaanishi kwamba baba hakuteseka.

Pili, ubongo wenyewe. Mwaka 2007 Philip Shaw na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walipiga picha za ubongo wa watoto 223 wenye hali hii na 223 wasio nayo, wakarudia kadiri walivyokua. Kwa watoto wa kawaida, nusu ya sehemu za gamba la ubongo zilikuwa zimefikia unene wake wa juu katika umri wa miaka 7 na nusu. Kwa wale wengine ilikuwa miaka 10 na nusu. Miaka mitatu ya kuchelewa, na kuchelewa kulikuwa kukubwa hasa kwenye sehemu za mbele zinazohusika na kujizuia na kupanga. Tofauti hizi ni za wastani wa kundi, tena ndogo. Picha ya mtoto mmoja haisemi lolote. Hapo wenye shaka wako sahihi.

Tatu, na kwa mzazi hili ndilo linalohusu zaidi, ni yanayompata mtu. Nchini Denmark Søren Dalsgaard na wenzake walifuatilia kumbukumbu za watu karibu milioni mbili. Wenye tatizo hili walikuwa katika hatari ya kufa mapema takribani mara mbili ya wengine, na ajali ndizo zilizoongoza. Nchini Uswidi, Paul Lichtenstein na wenzake waliwatazama watu zaidi ya 25,000 wenye hali hii na kulinganisha vipindi ambapo mtu yuleyule alitumia dawa na vipindi ambapo hakutumia: makosa ya jinai yalipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na 41 kwa wanawake katika vipindi vya dawa. Jina tupu haliui watu barabarani.

Kuhusu kamati na idadi ya dalili, mfano wa shinikizo la damu unatosha. Hakuna mstari ulioandikwa mwilini unaotenganisha shinikizo la kawaida na la hatari. Madaktari waliuweka, na wameusogeza zaidi ya mara moja. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba kiharusi ni uzushi. Umakini nao uko hivyo kwa watu: wengi wako katikati, wachache wako mwishoni, na walioko mwishoni wanaumia. Mstari ni wa kibinadamu, maumivu si ya kubuniwa.

Kuna utafiti mmoja wa Kenya ambao kila anayeandika juu ya jambo hili Afrika Mashariki anapaswa kuufahamu. Kaskazini mwa Kenya, upande wa Marsabit, wanaishi Waariaal, wafugaji ambao baadhi yao wamehamia makazi ya kudumu. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenzake walichapisha matokeo ya kupima takribani wanaume 150 wa jamii hiyo kwa kinasaba kiitwacho DRD4, ambacho namna yake moja imehusishwa na kutotulia na upungufu wa umakini. Miongoni mwa waliohamahama na mifugo, wenye namna hiyo walikuwa na lishe bora kuliko wenzao. Miongoni mwa waliokaa mahali pamoja, walikuwa na lishe duni.

Wengine wameuchukua utafiti huu na kutangaza kwamba kutotulia ni kipaji kilichokosa malisho. Hapo wanauzidisha. Sampuli ilikuwa ndogo, na kinasaba kimoja si ugonjwa. Unachofundisha ni kwamba mazingira yanaweza kuufanya mwili uleule ufanikiwe au ushindwe, na jambo hilo mtu wa Ruzizi analiona bila kinasaba. Mtoto ambaye kalasini hakai dakika tano, apelekwe kuwinga ndege kwenye mashamba ya mpunga, akimbie tutani toka alfajiri akipiga kelele na kurusha udongo, na hakuna atakayemwita mgonjwa. Lakini mpunga huvunwa, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi unamngoja palepale. Na mtoto mwenye tatizo la kweli, hata shambani, ndiye anayesahau upande mmoja wa shamba hadi ndege wamalize.

Hapa ndipo uchambuzi unapaswa kwenda taratibu, kwa sababu bondeni kuna mambo mengi yanayofanana na ugonjwa huu, na mengine yanauzalisha.

Malaria inaongoza. Kampala, katika hospitali ya Mulago, Chandy John, Michael Boivin na wenzao wa Uganda waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria iliyopanda kichwani. Matokeo ya 2008 yanaumiza kuyasoma. Miaka miwili baada ya kupona, asilimia 26.3 ya watoto hao walikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la akili, dhidi ya asilimia 7.6 ya watoto wa mtaa uleule ambao hawakuugua. Na eneo lililoathirika kuliko yote lilikuwa umakini: asilimia 18.4 kwa asilimia 2.5. Hao ni watoto ambao wazazi wao walimshukuru Mungu, wakarudi nyumbani, wakaamini yamekwisha. Bonde la Ruzizi, lenye joto, maji ya mifereji na mashamba ya mpunga, linajua malaria mwaka mzima. Mama akiulizwa vizuri atakumbuka: mtoto huyu alikuwa mtulivu, kisha alilala siku mbili bila kuamka, na tangu hapo si yule.

Njaa ya utotoni nayo haiishii tumboni. Huko Barbados, Janina Galler na wenzake walionyesha mwaka 1983 kwamba watoto waliopata utapiamlo mkali katika mwaka wao wa kwanza, wakatibiwa na kupona kabisa, walikuwa na upungufu wa umakini kwa asilimia 60 walipofika umri wa shule, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Kivu Kusini ina ushahidi wake wenyewe. Hospitali ya watoto ya Lwiro ilihifadhi kumbukumbu za watoto waliotibiwa utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007. Watafiti wa Kongo, Pacifique Mwene-Batu akiwa mbele, waliwatafuta wakiwa watu wazima, na mwaka 2020 wakaeleza kwamba watu hao walikuwa nyuma ya wenzao wa kijiji kimoja katika vipimo vya akili na katika elimu waliyofikia. Watoto hao walipona, mwili ukajaa, na bado shule iliwashinda.

Kuna kifafa kisichoanguka. Mtoto anakatika sekunde chache, macho yamekodoa, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Inaweza kutokea makumi ya mara kwa siku, na mwalimu anaandika kwamba mtoto anaota mchana. Muganga wa kituo cha afya hahitaji mashine kuanza kulitafuta jambo hili. Anamkalisha mtoto, anashika kipande cha karatasi mbele ya midomo yake, anamwambia aipulize mfululizo, kwa nguvu, dakika tatu. Mara nyingi mtoto mwenye kifafa cha namna hiyo atakatika palepale: karatasi itaacha kutikisika, macho yatasimama, kisha atarudi. Huyo hana kichwa nguvu, na dawa yake ipo.

Hapohapo pana mtego mwingine ambao wazazi hawaambiwi. Fenobabitali, dawa ya kifafa ya bei nafuu inayopatikana hadi vituo vidogo, inaweza yenyewe kumfanya mtoto awe mtukutu na mwenye hasira. Mtoto anapelekwa kutibiwa kifafa, anarudi akiwa hakaliki, na jamaa wanasema pepo amehama kutoka kuanguka kwenda kukimbia. Kabla ya kutafuta ugonjwa wa pili, muganga aitazame kwanza chupa ya dawa.

Masikio yanayotoa usaha miaka nenda rudi, macho yasiyoona ubao, minyoo, upungufu wa damu: haya yanapita haraka katika makala lakini yasipite haraka katika kituo cha afya.

Kisha vita na maafa. Mtu hawezi kuandika juu ya mtoto asiyetulia bondeni Ruzizi akaacha kuitaja milima na barabara za mahali anapoishi. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani; Denis Mukwege, ambaye baadaye angepata Tuzo ya Nobel, ndiye aliyekuwa akiiongoza. Julai 2010 lori la mafuta lililipuka Sange na kuua zaidi ya watu 230. Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya 30 Mutarule usiku mmoja. Mwaka 2025 vita vilirudi tena Kamanyola na bondeni. Mtoto aliyelala porini, ambaye sauti ya bati likigongwa inamfanya aruke, naye hawezi kusikiliza mambo ya kuzidisha na kugawanya. Umakini wake haukupungua, umeelekezwa mlangoni. Fomu ya maswali ya mwalimu haiwezi kumtofautisha na yule mwingine.

Anayeweza kuwatofautisha ni mtu mwenye muda wa kuuliza. Hali ilianza lini, kabla ya kukimbia au baada? Analala? Anaota yaleyale? Anaruka kwa sauti, au anaruka wakati wote? Upungufu wa umakini wa kuzaliwa nao haukumbuki tarehe. Mama huwa anasema tangu alipoanza kutembea. Hofu ina siku yake ya kuzaliwa. Na kwa bahati mbaya vyote viwili huweza kumkuta mtoto mmoja.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba Afrika haina wakati wa kujishughulisha na ugonjwa huu, kwa kuwa ina malaria na njaa na vita, wamegeuza hoja kichwa chini. Malaria, njaa na vita ni sababu ya kuuangalia zaidi. Pale ambapo ubongo wa mtoto unashambuliwa toka pande nyingi, watoto wanaofikia mwisho ule wa mstari hawatapungua, wataongezeka.

Na hawaachwi hivi hivi. Fimbo ndiyo dawa ya kwanza, na haiponyi: mtoto ambaye hawezi kushikilia agizo akilini kwa dakika moja hataishikilia adhabu kwa wiki. Wengine wanapelekwa mahali pabaya zaidi. Kongo ina simulizi ndefu ya watoto waliotuhumiwa uchawi, na katika tafiti na ripoti nyingi zilizofanyika nchini, watuhumiwa ni mara nyingi wale wenye tabia ngumu, kifafa, kukojoa kitandani, au ukaidi usioeleweka. Sheria ya Januari 10, 2009 ya kumlinda mtoto imekataza tuhuma hizo na kuziwekea adhabu. Hata hivyo mtoto anaweza kufungiwa katika chumba cha sala siku kadhaa bila chakula kwa kosa la kutokaa kitako. Anayesema kwamba kumpa mtoto jina la ugonjwa ni kumdhulumu, na aangalie majina mengine aliyo nayo mtoto huyo tayari. Mtundu. Mvivu. Ndoki, yaani mchawi. Kati ya hayo yote, jina la hospitali ndilo pekee linalomtaka mtu mzima abadilishe anavyomtendea.

Wasichana wanasahaulika kabisa katika mazungumzo haya. Wengi wao hawakimbii. Wamekaa kimya nyuma, macho dirishani, daftari limejaa nusu mistari. Hakuna anayelalamika juu yao, basi hakuna anayewapeleka popote, na shule inapowashinda inasemwa kwamba hawakupenda masomo na wakati wa kuolewa umefika.

Nini kinawezekana? Kwa mtaalamu ni mbali: kituo cha magonjwa ya akili cha SOSAME kiko Bukavu, na ng'ambo ya mpaka kipo cha Kamenge mjini Bujumbura, mpaka ukiwa wazi. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa, uliotolewa upya mwaka 2016, unamhesabu mtoto huyu miongoni mwa wanaoweza kusaidiwa katika kituo cha kawaida, na unaanza na mazungumzo na wazazi na walimu, kabla ya kidonge. Mambo yenyewe hayana fahari. Akae mbele, mbali na mlango. Apewe agizo moja, fupi, akitazamwa machoni, naye alirudie kwa mdomo wake kabla ya kuondoka. Kazi ikatwe vipande, na kila kipande kikimalizika asifiwe hapohapo, kwa sababu sifa ya jioni kwake ni ya mwaka kesho. Apewe sababu halali ya kusimama: kufuta ubao, kukusanya madaftari. Mwalimu mwenye watoto themanini atasema hana nafasi ya hayo yote, na ni kweli. Lakini kumtuma afute ubao hakuongezi kazi ya mwalimu.

Dawa je? Inafanya kazi, haraka, kwa watoto wengi, kwa muda mfupi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha watoto 579 ulionyesha mwaka 1999 kwamba baada ya miezi 14 waliopewa dawa kwa uangalizi mzuri walikuwa mbele; walipofika miaka mitatu, tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka. Methilfenideti pia inadhibitiwa kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, na inahitaji mtu wa kufuatilia uzito, kimo na mapigo ya moyo. Mwaka 2019, na tena 2021, kamati ya Shirika la Afya Duniani iliombwa kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Ilikataa mara zote mbili, ikisema ushahidi wa faida na madhara yake haukuwa na ubora wa kutosha. Wataalamu wengi walikasirika. Kwa nchi kama Kongo, ambako dawa isiyo kwenye orodha hiyo ni vigumu sana kuifikia famasi ya hospitali ya eneo, uamuzi huo una maana kwamba mtoto wa Kiringye ambaye kweli angehitaji kidonge huenda asikione, hata daktari akimtambua bila kosa.

Kinachobaki mikononi mwa watu wa bondeni ni karatasi. Mwalimu anaweza kuandika, kwa wiki mbili, ni saa ngapi mtoto anapotea, katika somo gani, baada ya kula au kabla, na kama macho husimama. Mama anaweza kuandika, au kumwambia mkubwa wa mtoto aandike, lini homa kali ilimpata, alilala muda gani, alianza kutembea na kuongea lini, nani mwingine katika ukoo alikuwa hivyo. Muganga wa kituo, akiwa na karatasi hizo mbili, kipimo cha malaria, kifaa cha kuangalia masikio na dakika tatu za kupuliza karatasi, anaweza kuwatenganisha walio wengi: huyu ni mdogo tu kuliko wenzake, huyu hasikii, huyu ana kifafa, huyu ana hofu. Wachache watakaobaki, ambao wamekuwa hivyo tangu walipoanza kutembea, nyumbani na shuleni na shambani, hao wanao ugonjwa, na barua ya kuwapeleka Bukavu iutaje ugonjwa huo kwa jina lake.